Binti yangu ananiuliza kama Mungu amemwona akila biskuti

Barua ya msomaji

Mpendwa Mshauri,

Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu: binti wa miaka 9, kijana wa miaka 6, na mtoto mchanga wa miezi 8 ambaye ndiyo kwanza ameanza kula. Mume wangu alilelewa katika kanisa linaloshika maagizo ya Mambo ya Walawi sura ya 11 kuhusu wanyama safi na wasio safi, ilhali mimi nilikulia katika kanisa lisilokuwa na mwiko wa chakula chochote. Tulipooana tulikubaliana kwamba nyumbani kwetu tutayashika maagizo hayo, na makubaliano hayo hayana shida.

Mwaka jana niliona watoto wanazidi kupenda vitu vitamu na vya kukaanga, nikaona hakuna mwalimu bora kuliko Neno la Mungu. Nilibandika karatasi kwenye ukuta wa jikoni, upande mmoja kwa rangi ya kijani nikaandika vyakula safi, na upande wa pili kwa rangi nyekundu nikaandika vyakula najisi. Chini ya wanyama waliotajwa katika Walawi niliongeza soda, pipi, biskuti na chipsi, ili watoto waelewe kwa haraka kwamba navyo si vya kuendekeza.

Binti yangu alilishika somo hilo kwa namna inayonitia hofu. Akiwa mezani huchokonoa chakula kwa ncha ya kijiko, husukuma yai hadi ukingoni mwa sahani na kuniuliza kama ni safi, hata kama jana yake alikula yai lile lile bila neno. Shuleni alimwambia mwenzake mbele ya wengine kwamba chakula alichofungiwa na mama yake ni dhambi, na yule mtoto akalia. Juzi nilipokuwa nikitandika kitanda chake nilikuta pakiti ya biskuti chini ya mto. Nilipomwonyesha hakujitetea, aliniuliza tu, huku anatetemeka, "Mama, Mungu ameniona?" Siku nyingine hukataa chakula cha jioni na kusema kwamba amefunga.

Kijana wa miaka 6 ana tatizo la upande wa pili. Hataki mboga kabisa, na nikimweleza habari za Danieli, aliyeomba apewe mboga na maji badala ya chakula cha mfalme, ananijibu kwamba Danieli alikula hivyo siku kumi tu.

Katika kikundi chetu cha maombi akina mama wenzangu wananishauri niondoe kabisa nyama, maziwa na mayai ili nyumba nzima ile kama Danieli. Mmoja wao ameniambia nimpe mtoto mchanga asali kwa ajili ya kikohozi, kwa kuwa ni chakula cha nchi ya ahadi. Bado sijampa. Mume wangu anasema niache kuichanganya Biblia na sahani ya mtoto. Mimi sitaki kuacha, kwa sababu naamini Mungu anajali hata tunachokula. Je, nifundisheje?

Mama wa Watatu

Jibu la Mshauri

Amina, dada yangu. Nianze na jambo lisiloweza kungoja. Usimpe mtoto wa miezi 8 asali, hata kidogo cha kuramba, hata ikichanganywa na maji ya moto au uji. Asali huweza kubeba spora, yaani chembe ndogo ngumu kama mbegu, za bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambazo tumbo la mtu mkubwa huzishinda bila yeye kujua, lakini katika utumbo wa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja huweza kuchipua na kutoa sumu inayolegeza misuli yake. Mtoto wa namna hiyo huanza kwa kufunga choo, kisha hunyonya kwa shida, hulia kwa sauti dhaifu na shingo yake hulegea, na sumu ikifika kwenye misuli ya kupumua maisha yake huwa hatarini. Kuchemsha jikoni hakuziui spora hizo. Baada ya mwaka mmoja kizuizi hiki kinaondoka. Yule mama aliyekushauri alikusudia mema, na ni kweli kwamba asali inatajwa katika sifa za nchi ya ahadi, lakini ahadi ile walipewa watu wa rika zote, na hakuna andiko linalosema kila chakula cha nchi ile kinamfaa mtoto wa kila umri. Kikohozi cha mtoto mchanga kipelekwe kwa mhudumu wa afya.

Sasa nirudi kwa binti yako, kwa maana swali alilokuuliza kando ya kile kitanda ndilo kiini cha barua yako.

Wewe na mume wako mnabishana kama Biblia iingie mezani au isiingie. Mimi naona iingie, tena kwa moyo wote, lakini iingie kama habari ya Mungu anayelisha. Hivi sasa binti yako amejifunza kwamba Mungu ni askari anayekaa karibu na sahani akingoja mtu akosee. Hakujifunza hivyo kwa ubaya wako. Alijifunza kutokana na ile karatasi, kwa sababu iliweka katika safu moja mambo mawili ambayo Maandiko hayayaweki pamoja, nayo ni unajisi wa ibada na madhara ya mwili.

Isome tena Walawi 11 polepole. Mnyama wa nchi kavu anayeruhusiwa ni yule mwenye kwato zilizopasuka na anayecheua. Wa majini ni mwenye mapezi na magamba. Ndege waliokatazwa wametajwa kwa majina, na miongoni mwa wadudu hata nzige wameruhusiwa. Sura hiyo haisemi popote kwamba mnyama fulani amekatazwa kwa sababu huleta maradhi. Sababu inayotolewa mwishoni, katika mstari wa 44 na wa 45, ni utakatifu: watu hawa ni wa Bwana, na Bwana ni mtakatifu. Walawi 20:25-26 inaieleza wazi zaidi, kwamba kutenganisha wanyama kunaendana na Mungu kuwatenga watu hao na mataifa mengine wawe wake. Wapo walimu wanaojitahidi kuonyesha kwamba kila katazo lilikuwa kinga ya ugonjwa, nami sioni kama njia hiyo ni imara. Ng'ombe ni safi kwa mujibu wa sura hiyo, lakini nyama yake isipoiva huweza kumwachia mlaji tegu tumboni. Sungura amekatazwa, ilhali hakuna tabibu atakayekuambia kwamba nyama yake ni sumu. Anayewafundisha watoto kwamba najisi maana yake ni hatari kwa afya anajenga imani yao juu ya hoja ambayo mwalimu wao wa sayansi ataibomoa kwa somo moja.

Kwa hiyo familia yako inaweza kuendelea kuyashika maagizo yale kwa dhamiri safi, na watoto wakaambiwa kwa maneno machache: "Sisi nyumbani kwetu hatuli nyama hii, kwa sababu tumechagua kumheshimu Mungu kwa njia hii." Maneno hayo yanatosha. Biskuti haimo katika Walawi 11, soda haimo, chipsi hazimo, na hakuna tunda, nafaka wala mboga iliyokatazwa humo kwa aina yake. Yai linalomsumbua binti yako halina shaka yoyote kama limetoka kwa ndege aliye safi. Kumbukumbu la Torati 22:6-7 linazungumzia mtu anayekuta kiota njiani na kumruhusu kuchukua mayai au makinda, mradi mama yao amwache aende zake. Msomee mistari hiyo. Atapenda kuona kwamba sheria ile ile anayoiogopa inamkumbuka hata mama wa makinda.

Iondoe ile karatasi leo, wala usiibandike nyingine iliyorekebishwa. Kisha kaa naye mahali ambapo hakuna chakula mbele yenu, umjibu swali lake, kwa sababu hadi sasa halijajibiwa. Mwambie: "Uliniuliza kama Mungu alikuona. Ndiyo, alikuona, kama anavyokuona kila siku kwa upendo. Hakukukasirikia kwa ajili ya biskuti. Biskuti si dhambi, ni chakula kitamu ambacho mwili unakihitaji kidogo tu. Niliiandika mahali pasipoifaa, nami nimeiondoa. Ukitamani kitu kitamu, njoo uniambie, hutaadhibiwa." Usiongeze mahubiri baada ya hapo. Akitaka kuuliza zaidi mwache aulize, na akinyamaza mwache anyamaze.

Ukipata nafasi nyingine, msimulie habari ya binti Yairo katika Marko sura ya 5. Msichana huyo alikuwa na miaka 12, karibu rika lake. Yesu alimshika mkono akamfufua, na watu wote waliokuwamo chumbani wakashikwa na mshangao. Katikati ya mshangao huo, jambo alilowaambia wazazi wake, baada ya kuwaonya wasitangaze habari hiyo, ni kwamba msichana apewe chakula. Ningependa binti yako aijue sura hiyo ya Mwokozi kabla hajaijua orodha yoyote. Eliya naye, katika 1 Wafalme 19, alipokimbia amechoka hata akaomba kufa, malaika hakuanza kwa kumkemea. Alimwamsha, akamwonyesha mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena kwa kuwa safari ilikuwa ndefu.

Kuhusu vitu vitamu, Mithali ina maneno mawili ambayo ni lazima yafundishwe pamoja. Katika 24:13 baba anamwambia mwanawe ale asali kwa kuwa ni njema. Sura inayofuata, 25:16, inasema ukiipata asali ule kiasi kinachokutosha, usije ukavimbiwa ukaitapika. Mwalimu anayefundisha mstari wa pili peke yake huzaa hofu, na anayefundisha wa kwanza peke yake huzaa ulafi. Yote mawili kwa pamoja yanamwambia mtoto kwamba utamu ni zawadi na kwamba zawadi ina kipimo. Kipimo chenyewe kwa lugha ya leo tunacho: Shirika la Afya Duniani linashauri sukari inayoongezwa katika vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na ya maji ya matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati yote ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtoto anayekula kalori kama 1,600 kwa siku, asilimia 5 ni gramu 20, yaani vijiko vidogo vitano hivi. Kopo moja la soda la mililita 330 huwa na takribani gramu 35. Binti wa miaka 9 anaweza kuifanya hesabu hiyo mwenyewe kwa kijiko na bakuli la sukari mezani, na atakachokiona kitamfundisha bila kumtaja Mungu kama mwenye fimbo.

Hata hivyo, kipimo bila uhakika hakitamsaidia. Mtoto huficha kile ambacho hana hakika kama atakipata tena, na wachunguzi wa ulaji wa watoto wameona mara nyingi kwamba chakula kinachozuiwa vikali ndicho mtoto hukitamani zaidi na hukila kwa pupa akikipata. Panga wakati unaojulikana wa kitu kitamu, labda mara mbili kwa wiki, kiasi cha wastani, kiliwe mezani pamoja na wote bila kuficha na bila kulaumiana. Kisitumike kama tuzo ya kumaliza mboga, wala kisinyimwe kama adhabu ya kosa la shuleni. Chakula kikishakuwa malipo, mtoto hujifunza kwamba mboga ni kazi na peremende ni mshahara.

Hapo ndipo habari ya mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, katika Kutoka 16 inapofaa kuliko hadithi nyingine zote za chakula, kwa maoni yangu. Kila mtu alikusanya kadiri ya ulaji wake, omeri moja kwa kila kichwa, kipimo cha takribani lita 2. Aliyekusanya nyingi hakubakiwa na ziada na aliyekusanya kidogo hakupungukiwa. Mungu alikuwa anawafundisha watu waliotoka utumwani kwamba kesho pia watakula. Wasimulie watoto hadithi hiyo, halafu waache wajipakulie wenyewe: kijiko kidogo kwanza, na ruhusa ya kuongeza baadaye. Waulize kama wameshiba, uliamini jibu lao. Waliolimbikiza mana waliikuta imeingia mabuu asubuhi, lakini sehemu hiyo usimgeuzie binti yako kwa sababu ya biskuti za chini ya mto. Mwache aisikie kama sehemu ya hadithi tu.

Nije kwa Danieli. Kijana wako amesoma vizuri, nawe umpe haki yake. Jaribio lilikuwa la siku kumi, ingawa baada ya kufaulu msimamizi aliendelea kuwapa chakula kile kile wakati wa mafunzo yao. Danieli hakukataa chakula cha mfalme kwa sababu kilikuwa na mafuta mengi. Maandiko yanasema hakutaka kujitia unajisi. Tena hakumtukana aliyekiandaa. Aliomba ruhusa kwa unyenyekevu, na alipoona mkuu wake anaogopa, akapendekeza jaribio fupi ambalo matokeo yake yangeonekana usoni. Miaka mingi baadaye, katika Danieli 10:3, anasema kwamba kwa majuma matatu ya maombolezo hakula chakula kitamu, wala nyama wala divai havikuingia kinywani mwake, jambo linaloonyesha kwamba nyakati nyingine aliweza kuvila. Somo la Danieli kwa watoto wako ni ujasiri wenye adabu, na hilo ndilo binti yako alilihitaji siku ile shuleni.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na ushauri wa kikundi chako wa kuondoa nyama, maziwa na mayai kwa watoto wote kwa mara moja. Familia zinazokula mimea pekee zipo na watoto wao hukua vizuri, lakini hufanya hivyo kwa mpango. Vitamini B12, ambayo mwili huihitaji kwa ajili ya damu na mishipa ya fahamu, haipatikani kwa kutegemewa katika vyakula vya mimea, hivyo mtoto asiyekula chochote cha mnyama ni lazima aipate katika vyakula vilivyoongezewa au katika dawa ya vitamini. Madini ya chuma yaliyomo katika maharage na dengu hufyonzwa vizuri zaidi yakiliwa pamoja na tunda lenye vitamini C, kama chungwa au limau. Mtoto wa miezi 8 ndiye anayehitaji chuma kuliko wenzake wote, kwa sababu akiba aliyozaliwa nayo huwa imepungua baada ya mwezi wa 6. Mwenye umri huo asiwekwe katika jaribio la mtu yeyote bila ushauri wa mtaalamu wa lishe. Nimeona pia watu wakiusifu mkate wa Ezekieli 4:9, wa ngano, shayiri, maharage, dengu na nafaka nyinginezo, kana kwamba Mungu alitoa resipe ya afya. Kuchanganya nafaka na kunde ni jambo jema, lakini mkate ule ulikuwa ishara ya njaa ya mji uliozingirwa, na nabii aliula kwa kupimiwa.

Nini basi kiwe mezani? Mwanzo 1:29 inaanza na mimea itoayo mbegu na miti yenye matunda yenye mbegu, na Kumbukumbu la Torati 8:8 linapoitaja nchi njema linataja ngano, shayiri, mizabibu, mitini, mikomamanga, mizeituni yenye mafuta, na asali. Nafaka na matunda vinatawala, mafuta yapo, na kilicho kitamu sana ni kimoja kati ya saba. Huhitaji kuvitafuta vyakula hivyo vyenyewe. Mlingano huo unaweza kuupata kwa vyakula vyovyote mlivyo navyo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mboga na matunda visivyopungua gramu 350 kwa siku kwa watoto wa miaka 6 hadi 9, na gramu 250 kwa wa miaka 2 hadi 5, na kiasi hicho hakijazwi kwa mlo mmoja bali hugawanywa katika siku nzima.

Kijana wako asilazimishwe kumeza. Mtaalamu wa lishe wa Marekani Ellyn Satter alifundisha mgawanyo wa kazi ambao naupenda: mzazi huamua ni chakula gani kitaletwa, saa ngapi na wapi, na mtoto huamua kama atakila na kwa kiasi gani. Watoto wengi huhitaji kukutana na chakula kigeni mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali, na wazazi wengi hukata tamaa mapema zaidi. Weka mboga kidogo mezani kila mlo, ile wewe na baba yake mkiifurahia, na msizungumze habari zake. Siku moja soma naye Mwanzo 1:29, kisha mpasue tunda katikati, umwache atoe mbegu kwa vidole vyake, azihesabu, azipande kwenye kopo lenye udongo dirishani. Achague dengu nawe kabla hazijapikwa, ukimsimulia jinsi Esau alivyouza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa bakuli la dengu. Mkono ulioosha na kukatakata mboga huwa mwepesi zaidi kuionja.

Lile la shuleni lishughulikie kwa upole lakini usiliache. Soma na binti yako Warumi 14:3, ambapo Paulo anasema anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula, kwa maana Mungu amemkubali. Mstari huo unailinda familia yenu inayoshika maagizo, na unamlinda pia yule mtoto aliyelia. Mfundishe sentensi moja ya kutumia popote: "Asante, mimi hiki sikili," bila kueleza mengine. Kisha amwombe mwenzake msamaha, nawe uwepo, na ikiwezekana uzungumze na mama yake. Mume wako, akisoma sura hiyo hiyo hadi mstari wa 17, ataona kwamba ufalme wa Mungu si kula na kunywa, na huenda hapo mkakutana. Yeye anaogopa watoto wafundishwe kwa vitisho, na hofu yake ina msingi katika Waefeso 6:4, inayowakataza wazazi kuwachokoza watoto. Mwombe yeye ndiye aongoze sala ya mlo kwa muda, iwe fupi, ya shukrani tupu, isiyo na maonyo ndani yake. Kumbukumbu la Torati 8:10 linawaambia watu wakisha kula na kushiba wamshukuru Mungu, na ni vizuri watoto wasikie baba yao akitaja kushiba kama jambo la kushukuru.

Sasa nimalizie na lile linalonisumbua zaidi katika barua yako. Binti wa miaka 9 anayekataa chakula cha jioni na kukiita kukataa huko kufunga hafungi. Ana hofu, na ameipa jina takatifu. Mwambie wazi kwamba nyumbani kwenu watoto wanaokua hawafungi chakula, na kwamba akitaka kujinyima kitu kwa ajili ya sala anaweza kuacha televisheni au mchezo kwa jioni moja. Usimsifie anapokula kidogo, na mtu yeyote asizungumzie unene au wembamba wake. Mpime uzito na urefu kliniki wiki hii, ili uwe na mahali pa kuanzia. Ukiona anaendelea kuruka milo, anapungua au haongezeki, anasikia kizunguzungu, anaficha chakula mara kwa mara, au maswali ya usafi yanahamia kwenye kunawa mikono, nguo na mambo mengine, basi usiishie kwa mchungaji peke yake. Mpeleke kwa daktari, umweleze yote kama ulivyonieleza mimi, pamoja na ile karatasi, na uombe aonwe pia na mshauri wa afya ya akili ya watoto. Mchungaji na aje nyumbani kumwombea, na daktari afanye kazi yake.

Wako katika Bwana,
Mshauri